Mtoto ana alama za damu kuvilia miguuni na hujui zimetoka wapi: la kufanya, hatua kwa hatua

Umemvua mtoto suruali umwogeshe, ukaona doa la bluu kwenye muundi. Ukageuza mguu, kuna jingine, hili limeshakuwa la kijani. Hakuna aliyemwona akianguka. Yeye mwenyewe hajui, au bado hajajua kusema. Usiku ukalala na simu mkononi, na kila ulichofungua kikakupeleka kwenye saratani ya damu.

Nimeulizwa jambo hili na wazazi wengi, na maswali ni yale yale, ndiyo maana nimeamua kuyaandika mahali pamoja. Mimi si daktari. Ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza alijaa madoa kwenye miundi tangu alipoanza kutembea, nikakosa usingizi kwa miezi na hakuwa na ugonjwa wowote. Wa pili alikuwa na madoa machache zaidi, lakini yake yalikuwa na sababu. Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba idadi ya alama haikuambii mengi. Angalia ziko wapi, mtoto ana umri gani, na zimekuja pamoja na nini.

Ninaposema "alama" humu ndani ninamaanisha damu iliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo ikavilia chini ya ngozi. Ninaposema "vitone" ninamaanisha vile vidoa vyekundu au vya zambarau vidogo kama ncha ya kalamu. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo utaihitaji.

Kabla ya yote: haya hayasubiri mwongozo

Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi:

- Ana homa, au anaonekana mgonjwa sana, na ana vitone au mabaka yasiyofifia ukiyabonyeza. Maambukizi ya bakteria kwenye damu na homa ya uti wa mgongo huweza kuanza hivi, na hali hugeuka kwa saa chache.
- Damu haikomi: pua inatoka damu zaidi ya dakika 10 hadi 15 huku umeibana vizuri, fizi zinavuja, mkojo una damu, choo ni cheusi kama lami au kina damu.
- Amegonga kichwa na sasa anasinzia kupita kawaida, anatapika, analalamika kichwa kinamuuma sana, au hatembei sawasawa.
- Goti, kifundo cha mguu au kiungo kingine kimevimba, au hakanyagi mguu kabisa.
- Amepauka, hana nguvu, anahema haraka.
- Kuna uwezekano amekula sumu ya panya au amemeza dawa za mtu mzima za kuzuia damu kuganda. Usingoje alama zitokee. Sumu nyingi za panya huharibu ugandaji wa damu polepole, na mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku moja au mbili.
- Ni mtoto mchanga, au hajaanza hata kutambaa, na ana alama yoyote, hata moja ndogo. Huyu aonwe leo. Sababu nimeieleza kwenye hatua ya 3.

Kama hakuna hata moja, vuta pumzi. Una muda wa kufanya kazi hii kwa utulivu.

Utakachohitaji

Mwanga wa mchana, karibu na dirisha. Taa za njano hudanganya sana kwenye rangi ya ngozi. Kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Glasi ya kioo angavu isiyo na maua. Rula, au sarafu kama huna. Simu yenye kamera, kipimajoto, daftari na kalamu. Orodha ya dawa zote ambazo mtoto ametumia mwezi uliopita, hata zile za mafua. Na kama inawezekana mtu mwingine mzima awepo, kwa sababu mmoja akiangalia mwingine anamchezesha mtoto.

Tenga dakika 20 hivi. Usifanye kazi hii saa ya mtoto kulala, wala wakati wewe mwenyewe unatetemeka kwa hofu. Atakusoma usoni.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni damu iliyovilia

Futa doa kwa kitambaa chenye sabuni. Usicheke. Rangi ya nguo mpya, hasa suruali nzito za bluu, huhamia kwenye mapaja na miguu na kuonekana kama alama kabisa. Likifutika, kazi imeisha hapo.

Lisipofutika, jiulize lilikuwepo tangu lini. Watoto wengi, hasa wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, huzaliwa na mabaka ya kijivu-bluu kiunoni na makalioni, na wengine huwa nayo hata miguuni. Hayaumi, hayabadiliki rangi wiki hadi wiki, na hufifia taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Tafuta picha za zamani za mtoto akiwa mchanga, mara nyingi jibu limo humo. Kama analo, mwombe mhudumu wa afya aliandike kwenye kadi ya mtoto ili siku nyingine lisije likadhaniwa ni kipigo.

Alama za kung'atwa na wadudu huwasha na mara nyingi huwa na kijishimo katikati. Kuna pia vivimbe vyekundu vyenye joto, vinavyouma ukivigusa, vinavyokaa mbele ya miundi ya miguu yote miwili, ambavyo vikianza kupona hugeuka rangi kama alama za kipigo. Hivyo hutokana na mwili kupambana na maambukizi fulani, kwa mfano ya koo au kifua kikuu, na vinahitaji daktari ingawa si dharura.

Kwenye ngozi nyeusi sana usitafute bluu wala zambarau. Tafuta sehemu iliyo nyeusi kuliko jirani yake, iliyovimba kidogo, au inayomfanya mtoto avute mguu ukiigusa. Vitone ndivyo vigumu zaidi kuviona. Vitafute kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kwenye kaakaa.

Hatua ya 2: Mvue nguo zote, umkague mwili mzima

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanakodolea macho miguu kwa sababu miguu ndiyo iliyowatisha, na hawageuzi mgongo. Kumbe mbele ya miundi na magoti ndipo mahali pasipotisha kabisa kwa mtoto anayetembea. Pale mfupa uko chini tu ya ngozi, hakuna nyama ya kuupokea mgongano, na ndiko mtoto anakogonga kila kitu.

Chora umbo la mtu kwenye daftari, mbele na nyuma, kisha weka nukta kila unapoona alama. Anza utosini, shuka.

Sehemu za kawaida kwa mtoto anayekimbia: miundi, magoti, paji la uso, kidevu, visugudi. Zote ni za mfupa, na nyingi ni za upande wa mbele, kwa sababu mtoto huanguka akienda mbele.

Sehemu zinazohitaji maelezo: masikio, shingo, mashavu penye nyama, kona ya taya, kope, kifua, tumbo, mgongo, makalio, nyuma ya mapaja, na ule utando mdogo unaounganisha mdomo na ufizi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4, alama kwenye kiwiliwili, sikio au shingo isiyo na ajali inayoeleweka huwafanya madaktari wachunguze zaidi, na wana haki. Vivyo hivyo alama yenye umbo: mstari, kitanzi, vidole, meno.

Usisahau mstari unapoishia mpira wa soksi na mpira wa nguo ya ndani. Kwa mwanangu wa pili niliviona pale pale, mduara wa vitone vyekundu kuzunguka mguu juu ya soksi, na madoa mawili mgongoni ambayo nisingeyaona kama nisingemgeuza. Kwenye miundi alikuwa na alama tatu tu, chini ya alizokuwa nazo kaka yake siku yoyote ile.

Hatua ya 3: Weka umri kwenye hesabu

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliokagua watoto 973 wenye umri chini ya miaka 3. Miongoni mwa waliokuwa chini ya miezi 6, wenye alama walikuwa wawili tu kati ya 366. Miongoni mwa walioanza kutembea kwa kushikilia vitu, karibu mmoja kati ya sita. Miongoni mwa waliokuwa wakitembea wenyewe, zaidi ya nusu.

Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye madoa matano kwenye miundi yuko pamoja na wenzake. Mtoto wa miezi minne mwenye doa moja yuko peke yake, kwani hajigeuzi vya kutosha kujiumiza. Kwake kuna njia chache: ameumizwa, kwa makusudi au kwa bahati mbaya ambayo mtu hajaisema, au damu yake haigandi vizuri. Uliza pia kama alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa. Aliyeikosa anaweza kuvuja damu hadi afikapo miezi 6, na wakati mwingine doa dogo huja kama onyo kabla ya damu kuvuja kichwani. Ndiyo maana nimesema leo, si kesho.

Hatua ya 4: Jaribu glasi

Bonyeza ubavu wa glasi juu ya vitone au mabaka, uangalie kupitia kioo. Upele wa kawaida hufifia unapobanwa, kwa sababu damu bado imo ndani ya mishipa na unaisukuma pembeni. Damu iliyokwisha kutoka nje ya mshipa haina pa kwenda, itabaki pale pale.

Alama kubwa ya bluu haitafifia, hiyo haishangazi. Kipimo hiki ni cha vitone na upele. Vitone visivyofifia na mtoto ana homa: umeshasoma la kufanya. Vitone visivyofifia na mtoto mchangamfu asiye na homa: aonwe siku hiyo hiyo. Vichache vya usoni tu, baada ya kukohoa sana au kutapika, mara nyingi vimetokana na kule kukaza, lakini bado mwonyeshe daktari. Na glasi isikuzuie: mtoto akiwa hoi, nenda hata kama upele unafifia.

Hatua ya 5: Pima, piga picha, andika

Weka rula au sarafu kando ya kila alama, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni mguu upi. Andika tarehe. Pitisha kidole polepole: je, ni tambarare, au kuna bonge gumu katikati? Alama tambarare ya muundini ni jambo dogo. Mabonge makubwa yanayotokea kwa kugongwa kidogo tu yataje kwa daktari.

Rudia picha baada ya siku 3, kisha kila wiki. Alama ya kawaida hubadilika rangi kwenda kijani, njano na hudhurungi, kisha huondoka ndani ya wiki 2 hivi. Usijaribu kuhesabu siku kwa rangi, ukasema "hii ya kijani ni ya Jumanne, alikuwa kwa fulani". Hata madaktari hawawezi kufanya hivyo kwa uhakika. Alama mbili za saa moja, mguu mmoja, zinaweza kuwa na rangi mbili.

Hatua ya 6: Fuata siku ya mtoto

Kaa pembeni saa nzima umtazame akicheza bila kumwingilia. Nilipofanya hivi kwa yule wa kwanza nilihesabu migongano kumi na moja, na hakulia hata mara moja. Alikuwa akipanda kitanda kwa kuegemeza muundi kwenye ubao, mara kwa mara, mahali pale pale. Kanyagio za baiskeli ya watoto, ngazi, viti, ukingo wa beseni, meza fupi: pima urefu wake kwa jicho, ulinganishe na zilipo alama.

Halafu waulize wote wanaokaa naye. Uliza kwa upole na bila kumtaja mtu: "Nimeona hizi, wewe umeona nini?" Mtoto anayejua kusema muulize swali la wazi, "Hapa palikuwaje?", unyamaze usikilize. Usimwekee jina mdomoni. Ukimuuliza "Ni fulani amekupiga?" mtoto mdogo anaweza kukubali ili akufurahishe, na baadaye hutajua ukweli ni upi.

Najua sehemu hii inachoma. Lakini kama maelezo yanabadilika kila yakisimuliwa, kama alama ziko kwenye zile sehemu za hatua ya 2, kama mtoto amebadilika na anamwogopa mtu au mahali, usijizuie kwa ajili ya heshima ya mtu mzima. Mwondoe mtoto hapo kwanza, mpeleke kwa daktari au kwenye huduma za ulinzi wa watoto, maswali yatafuata.

Hatua ya 7: Maswali ya mwili na ya ukoo

Andika ndiyo au hapana:

1. Alikuwa na mafua, homa au upele wowote ndani ya wiki 2 hadi 6 zilizopita, au alipata chanjo?
2. Pua hutoka damu mara kwa mara? Fizi huvuja akipigwa mswaki?
3. Ana homa zisizoeleweka, amepungua uzito, anachoka na kuacha michezo anayoipenda?
4. Anaamka usiku kwa maumivu ya mifupa, au anachechemea?
5. Ana vivimbe vya tezi shingoni, kwapani au kinenani, au tumbo limejaa upande?
6. Aliwahi kuvuja damu kuliko ilivyotarajiwa, kwa mfano kitovu kilipokatika, alipotahiriwa, alipong'olewa jino, alipochomwa sindano?
7. Kwenye ukoo kuna mwanamume mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, au mwanamke mwenye hedhi nzito isiyo ya kawaida au aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua?
8. Anatumia dawa kama aspirini, ibuprofeni, steroidi au dawa ya kifafa?
9. Amekataa matunda na mboga zote kwa miezi? Ukosefu mkubwa wa vitamini C husababisha alama, fizi kuvimba na miguu kuuma hadi mtoto agome kutembea. Hutokea zaidi kwa watoto wanaokula aina chache mno za chakula, na huponywa kwa urahisi ukijulikana.

Swali la 6 na la 7 ndiyo wazazi hulirukaruka. Mpigie bibi wa mtoto, pande zote mbili. Nyanya hukumbuka nani alivuja damu na lini. Ila ukoo kuwa safi hakumalizi jambo: karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia ni wa kwanza kwenye familia zao.

Hatua ya 8: Amua

Unaweza kusubiri na kuangalia kwa wiki 2 ikiwa mtoto anatembea, alama ziko mbele ya miundi, magotini au kwenye paji la uso, ni tambarare, zinafifia, na majibu yote ya hatua ya 7 ni hapana.

Panga kumwona daktari ndani ya siku moja au mbili ikiwa alama ziko sehemu zenye nyama bila sababu, au zimeongezeka ghafla ndani ya wiki moja, au zina mabonge, au umejibu ndiyo kwenye swali lolote la hatua ya 7.

Homa pamoja na alama, vitone, kupauka, kuvuja damu: leo.

Na kama moyo wako tu haujatulia, nenda. Hakuna daktari mwenye busara atakayekulaumu kwa kumleta mtoto mzima.

Hatua ya 9: Unaposubiri nyumbani

Alama mpya iwekee kitu cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa siku ya kwanza. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Akiwa na maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Usiikande wala kuisugua ili "damu itawanyike". Unapasua mishipa mingine. Usiitoboe. Usimpe aspirini, mtoto hapewi aspirini isipokuwa daktari ameagiza, na usimpe ibuprofeni kabla hujajua kwa nini ana alama, kwa sababu zote mbili huzipunguzia nguvu chembe zinazoziba mishipa. Usimfungie ndani asicheze ikiwa umeamua kusubiri. Mtoto anayejifunza kutembea lazima aanguke.

Hatua ya 10: Kwa daktari

Nenda na daftari, picha na orodha ya dawa. Anza na lililo zito: "Ana madoa mgongoni na vitone mguuni, yameanza Jumatatu, alikuwa na mafua wiki tatu zilizopita." Sentensi moja kama hiyo ina thamani kuliko kusema "ana alama alama".

Kipimo cha kwanza huwa ni picha kamili ya damu, ambayo huhesabu chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani, yaani zile zinazoziba mishipa, ambazo kwenye karatasi ya majibu huenda zikaandikwa pleteleti. Kiwango cha kawaida cha chembe sahani ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita. Omba pia damu iangaliwe kwa darubini, na uulize kama kuna haja ya kupima muda wa damu kuganda. Akiwa na vitone vilivyovimba, mkojo nao upimwe.

Mwanangu wa pili alikutwa na chembe sahani 14,000. Kinga yake, baada ya kupambana na mafua, ilikuwa imegeukia chembe sahani zake yenyewe na kuziharibu. Ni tatizo linalowapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 hivi, huja ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima, na wengi wao hupona ndani ya miezi 6, mara nyingi bila dawa yoyote. Tulipewa masharti: asipande juu, asichezee michezo ya kugongana, asipewe ibuprofeni, na tukimbie hospitali akigonga kichwa. Tukarudia kipimo hadi namba zikapanda. Ilichukua miezi mitatu, mirefu kuliko miaka.

Sababu nyingine ni kuvimba kwa mishipa midogo ya damu, ambako huleta mabaka ya zambarau yaliyoinuka miguuni na makalioni, pamoja na maumivu ya viungo na tumbo. Wengi hupona wenyewe, lakini figo lazima zifuatiliwe kwa kupima mkojo kwa miezi kadhaa hata mtoto akionekana mzima. Hemofilia huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi hugundulika mtoto anapoanza kutambaa na kutembea: mabonge makubwa, viungo kuvimba. Na ile iliyokukosesha usingizi, saratani ya damu, ni adimu. Ikiwepo, aghalabu haiji na alama za miundini pekee. Huja na kupauka, homa, uchovu, maumivu ya mifupa, tezi. Aina inayowapata watoto zaidi inatibika kwa wengi wao, na ndiyo maana hofu isikufanye uchelewe.

Ukikwama

*Alama haiondoki.* Imepita wiki 3 na iko vile vile? Rudi hatua ya 1, huenda si damu. Kama kuna bonge gumu, au linakua, aonwe.

*Alama imehama.* Ya paji la uso imeshuka ikawa chini ya macho, ya paja imefika gotini. Damu hushuka kwa uzito wake. Kama mtoto ni mchangamfu na ulijua aligonga wapi, hilo ni la kawaida. Macho yote mawili yakizungukwa na weusi baada ya kuanguka vibaya, mpeleke.

*Chembe sahani ziko chini kwenye karatasi, ila mtoto hana alama mpya wala vitone.* Omba kipimo kirudiwe na damu iangaliwe kwa darubini. Chembe hizi wakati mwingine hushikamana ndani ya chupa, mashine ikazihesabu pungufu.

*Majibu ni mazuri, alama zinaendelea kutokea sehemu zisizo za kawaida.* Idadi ya chembe sahani kuwa sawa hakuondoi hemofilia wala ugonjwa wa von Willebrand, ambao ndio ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu unaopatikana zaidi na huwapata wasichana kama wavulana. Vipimo vya kawaida vya kuganda vinaweza kutoka vizuri na ugonjwa huo ukawepo. Utaje kwa jina, uombe rufaa kwa daktari wa damu.

*Anachechemea, alama ni ndogo tu.* Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anaweza kupata ufa kwenye mfupa wa muundi kwa kujipinda tu wakati wa kukimbia. Asipokanyaga, apigwe picha ya mfupa.

*Umeambiwa ni kawaida na hujaridhika.* Muulize daktari maswali mawili kabla ya kutoka: "Nikiona nini nirudi?" na "Baada ya muda gani kama hakuna mabadiliko?" Andika majibu. Yakitokea aliyoyataja, rudi bila aibu.

*Daktari au mwalimu amekuuliza kama kuna anayempiga.* Wanaulizwa wote wenye watoto wadogo wenye alama, na swali hilo limeokoa watoto. Usikasirike wala usibuni ajali ili maelezo yakae sawa. Ajali ya kubuni ndiyo itakayokuletea shida. Kama hujui, sema hujui, kisha fungua daftari umwonyeshe tarehe na picha.